Andika Sifuri

Mwezi wa nane, Mabela, saa moja ya asubuhi
jua limeshakasirika.
Lami inanuka. Paka wamelala chini ya magari.
Na mimi, Muhenne bin Suleiman, mtunza stoo mstaafu,
navaa viatu vya bei ya mbuzi
nikazunguke ndani ya jumba la maduka
maduka yenyewe yamefungwa.

Thureya ndiye aliyeniagiza.
Binti wa kliniki, mnyoosha viungo.
Babu yake alikuwa jirani yetu Wete,
kwa hiyo hanionei haya.
"Mizunguko mitatu, mzee. Kisigino kwanza, vidole baadaye."
Vidole vipi? Kimoja sinacho.
Kilikatwa mwezi wa Rajabu, mguu wa kushoto,
kile kidogo cha pembeni
ambacho miaka sitini na nane sikuwahi kukishukuru.
Harith, mwanangu, alikifunga kitambaa cheupe akakizika.
Basi nimeshatangulia makaburini, kidole kimoja.

Thureya hakucheka.
"Tisa vilivyobaki," alisema, "vinataka kutembezwa."

Akanipa daftari la miraba, niandike hatua.
Nikaandika.
Jumamosi elfu nne. Jumapili elfu tano na mia mbili.
Ijumaa, kwa baraka zake, elfu sita.
Mwandiko mzuri, wino wa buluu:
mtu aliyekaa stoo miaka thelathini
anajua kuandika mzigo ambao haupo.

Alisoma kurasa zote, taratibu.
Kisha akainama, akakigeuza kiatu changu.
Kibandiko cha bei kilikuwa bado kwenye soli,
kizima, hakina hata mkwaruzo.

Nilingoja anikaripie.
Nilishaandaa jibu: joto, goti, wageni kutoka Ibra.
Alikibandua kibandiko kwa ukucha,
akakibandika juu ya elfu sita zangu.
"Siku usiyotembea, andika sifuri.
Sifuri najua la kuifanya.
Hii ya uongo sina dawa yake."

Nikaandika sifuri.
Si rahisi, ndugu yangu. Ni duara dogo
lakini mkono unaona aibu kulifunga.
Sifuri. Sifuri. Mia tatu.
Sifuri, na pembeni: nilikuwa na huzuni.

Siku ya mia tisa nilisimama mbele ya duka la oud
nikiugombeza mguu kwa Kiswahili, nikijua hapa hanisikii mtu:
umekufa ganzi wewe, umelala, mvivu kama mwenyewe!
"Mzee, na huo mguu haujibu?"
Askari wa mlangoni. Wafula, wa Bungoma.
Miezi minne ananisikia, amenyamaza.
Mama yake naye ana sukari, kule,
na kwao hakuna jumba lenye ubaridi, ila kuna kilima.
Tukazunguka pamoja mpaka zamu yake ikaisha.

Usiku Nasra huleta kioo cha mkono,
kile alichonyolea nyusi siku ya harusi yetu,
akakiweka chini ya unyayo wangu.
Tunatafuta kidonda, malengelenge, kijiwe nisichokihisi.
Nyayo zangu nilidhani
ataziona mwosha maiti peke yake.
Sasa nazijua kama njia ya kwetu:
hapa pamepasuka, hapa pamekauka,
hapa Nasra hupaka mafuta, wala si katikati ya vidole,
Thureya amekataza.

Sijapona. Huu si ugonjwa wa kupona,
ni mgeni aliyekuja na sanduku lake.
Sukari hupanda Idi, hushuka usiku, haina adabu.
Jana nilizunguka mara tano. Leo nimeamka
na miguu inawaka moto kama nimekanyaga chungu,
sikutoka hata mlangoni.

Nimefungua daftari niweke duara langu.
Limeshawekwa.
Na chini yake, mwandiko wa Nasra, wa kupanda kilima:
*Ameinuka kitini mara saba bila kushika.
Alidhani anafuata rimoti.
Nimehesabu mimi.*